Juzuu ya Kumi na Sita

Jumatatu, 3 Machi
Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, bila hata kupiga hodi. Nimeweka ndoo mbili chini ya rafu za sheria ya ardhi na moja mlangoni, na bado tone limenipata shingoni nikiwa nimekaa mezani pangu. Miaka ishirini na mbili nimekuwa mkutubi wa maktaba hii ya mahakama, na miaka ishirini na mbili naandika barua kuhusu paa.

Lakini si paa lililonifanya ninunue daftari hili. Jana mdogo wangu alikuja kwa Mama akiwa ameshika bahasha kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota kitu kichafu. Samansi. Shemeji amerudi, na anamtaka mtoto.

Niandike polepole, maana nikisema nitasema kwa hasira. Tulizaliwa wasichana watatu. Mimi wa kwanza, huyu ni kitinda mimba, na wa kati amefariki; alituachia binti wa miezi kumi. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, alikaa wiki sita baada ya mazishi. Kisha siku moja akamleta mtoto kwa mdogo wangu, akasema anakwenda kutafuta kazi, akapotelea huko. Miaka sita na miezi miwili. Mtoto sasa anasoma darasa la kwanza, anaongea tangu anapofumbua macho hadi anapoyafumba, ndiyo maana tunamwita Chiriku. Mdogo wangu ndiye anayemwita mama.

Kazini sina wa kumwambia haya. Mkutubi wa mahakama hana upande. Basi nitaliambia daftari.

Jumatano, 5 Machi
Mvua. Ndoo ya nne.

Ijumaa, 7 Machi
Wakili wa mdogo wangu husikika kabla hajaonekana. Viatu vyake vinapiga sakafu kama karani anayegonga mihuri. Leo alikuja moja kwa moja mezani kwangu, kompyuta mkononi.

“Mama, tumepata,” akanong'ona. “Soma hapa.”

Ameukuta mtandaoni, kwenye hifadhi ya maamuzi. Kesi za watoto hazitaji majina, ni herufi tu: M dhidi ya K, Juzuu ya 14, ukurasa wa 88. Ni ya zamani, mimi nilikuwa bado shuleni. M, mama mdogo wa mtoto, aliomba apewe malezi. Baba, K, aliondoka akakaa kimya. Mahakama ikasema mzazi anayemwacha mtoto zaidi ya miaka mitano bila kumtunza amejivua mwenyewe haki ya kumlea, na hakuna haja ya kuchunguza zaidi.

“Hakuna haja ya kuchunguza zaidi,” wakili akarudia, kama anayeonja kitu kitamu. “Na huyu bwana hata wakili hana. Tarehe kumi na tano Aprili, dakika ishirini, tumemaliza.”

Jioni nilimwambia Mama. Alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamdondoka.

Sikumpa wakili msaada wowote ambao nisingempa mtu mwingine. Sijui kwa nini naona nalazimika kuliandika hilo.

Jumanne, 11 Machi
Amekuja.

Jumanne na Alhamisi maktaba iko wazi kwa wasio na mawakili. Saa tatu na robo mlango ulifunguka, nikamjua kwa mabega kabla ya uso. Amekonda. Mvi zimeingia kwenye nywele za pembeni, na mikono ina makovu ya cheche mpaka kwenye viwiko. Alikung'uta viatu mlangoni muda mrefu kupita kiasi.

“Shemeji,” akasema.

“Hapa mimi ni mkutubi.”

“Samahani. Karani kaniambia asiye na wakili anaweza kuja kutafuta maamuzi.”

“Kompyuta ile pale. Vitabu havitoki nje. Simu izimwe.”

“Natafutaje?”

“Unaandika unachokitafuta.”

Hayo ndiyo maelezo niliyompa. Wanafunzi wa sheria nawaelekeza saa nzima: funga maneno ndani ya alama za nukuu, chagua mahakama, chagua miaka, na usiiamini kompyuta kabla hujafungua faharasa ya kitabu. Yeye nilimpa sentensi moja, nikarudi kupanga kadi zangu.

Alhamisi, 13 Machi
Ameandika “nataka mtoto wangu”. Kompyuta imemletea maamuzi elfu nne mia tatu na kumi na sita, naye ameanza na la kwanza. Kufikia saa nane alikuwa kwenye la thelathini na moja, la majirani waliopigana kwa sababu ya kuku. Anafuata mistari kwa kidole juu ya kioo. Alipotoka nilifuta alama za vidole.

Nilidhani nitafurahi.

Jumanne, 18 Machi
Wakili amempelekea Shemeji hoja zake za maandishi, maana leo Shemeji alikuja na karatasi iliyokunjwa mara nne na kuniomba Juzuu ya 14. Nikamletea. Alisoma kurasa za 88 hadi 93 tangu saa tatu mpaka saa sita. Akamaliza, akaanza upya. Kisha akaja mezani, kitabu kikiwa wazi juu ya viganja kama sinia.

“Mkutubi, nina swali.”

“Siruhusiwi kutoa ushauri wa sheria.”

“Si la sheria. Huyu K. Baada ya hapa, alikubali tu?”

“Sijakuelewa.”

“Kanyang'anywa mtoto. Akaenda nyumbani, akanyamaza? Mimi nisingenyamaza.”

Ulimini nilikuwa nayo: wewe umenyamaza miaka sita. Nikaimeza. “Sijui,” nikasema.

“Nani anajua?”

Mimi. Ndiyo kazi yangu kujua. Uamuzi hujaupata mpaka ujue yaliyoupata baadaye: ulifuatwa, uliwekwa kando, au ulitenguliwa kwenye rufaa. Hilo nawahubiria wanafunzi kila muhula mpaka wananiigiza sauti wakiwa nje. Lakini wakili alipoleta ukurasa ule, yeye hakuuliza na mimi sikuuliza. Tulikipata tulichokitaka, tukaacha kutafuta.

Alhamisi, 20 Machi
Nimetumia saa ya chakula. Mtandaoni, chini ya M dhidi ya K, kuna kisanduku cha maamuzi yaliyoutaja baadaye. Kitupu. Nikajaribu kugeuza herufi, K dhidi ya M, kwa kuwa kwenye rufaa aliyekata rufaa ndiye hutangulia. Kompyuta hupuuza herufi mojamoja. Ikaniletea kila kitu ilichonacho. Nikachukua faharasa ya jumla iliyochapwa, nikapitisha kidole kwenye “malezi”, “mtoto”, “mzazi”. Hakuna.

Nilipumua. Nikaifunga faharasa, na ndipo nikasoma jalada lake: Juzuu ya 1 hadi ya 15.

Juzuu ya 16 haimo humo. Wala haimo mtandaoni, maana waliokuja kupiga picha vitabu walipiga vilivyokuwa rafuni siku hiyo. Kati ya ya 15 na ya 17 kuna kipande cha ubao, na juu yake kadi yenye mwandiko wangu mwenyewe: Kiko kwa fundi. Kadi ina miaka mitatu.

Ijumaa, 21 Machi
Sikwenda kwa fundi. Kazi zilikuwa nyingi.

Jumatatu, 24 Machi
Sikwenda. Mvua.

Jumanne, 25 Machi
Nimekwenda.

Fundi anayejalidi vitabu vya mahakama tunamwita Bwana Gundi. Karakana yake iko chini ya jengo, ngazi kumi na nne, na hajawahi kurudisha kitabu siku aliyoahidi.

“Umekuja kunisumbua,” akasema bila kuinua kichwa. “Mvua hii gundi haikauki. Njoo jua likitoka.”

“Lini?”

“Muulize anayelitoa.”

Nikamwomba niangalie tu. Akanielekeza kwa kidevu. Juzuu ya 16 haina jalada wala uzi. Ni vitita vya kurasa vilivyofungwa kamba. Nilivifungua kimoja kimoja. Kitita cha tatu, ukurasa wa 212: K dhidi ya M.

Majaji watatu, kurasa nne na nusu. Nilisoma nimesimama chini ya balbu. Wameikubali rufaa, wameutengua uamuzi wa M dhidi ya K wote. Kuna sentensi iliyonikaa kichwani bila kuikaribisha: “Mahakama ya chini ilihesabu miaka, haikumtazama mtoto.” Muda pekee haumvui mzazi haki yake, wakasema, wala damu pekee haimpi. Itazamwe mtoto anaishi vipi, anamtegemea nani, na akiweza kusema, asikilizwe.

“Umekiona ulichokuja kukitafuta?” Bwana Gundi akauliza.

“Nimekiona.”

“Mbona uso umekupauka?”

“Funga tu. Kitatoka lini?”

“Mwisho wa Mei. Labda.”

Kesi ni katikati ya Aprili. Sihitaji kuficha chochote, sihitaji kuchana chochote. Nikikaa kitako kwenye kiti changu na kugonga kadi zangu muhuri, mvua na uvivu wa Bwana Gundi vitanimalizia kazi. Chiriku atabaki kwetu.

Alhamisi, 27 Machi
“Ulipata kujua, yule K?” Shemeji akaniuliza.

“Kitabu kiko kwa fundi,” nikasema.

Akashukuru. Kweli tupu niliyomwambia, na sijawahi kusema uongo mkubwa kama huo.

Jumapili, 30 Machi
Kwa Mama. Chiriku alikuwa anakula mkate na kunisimulia shule nzima, nani kaanguka, nani kalia, mwalimu gani ananuka vitunguu. Kisha bila kupumua:

“Mama mkubwa, unajua baba yangu alianguka kwenye paa akafa?”

“Nani kakwambia?”

“Mama. Alikuwa anachomelea juu kabisa, akaanguka puu!” Akapiga meza kwa kiganja kunionyesha.

Nilimfuata mdogo wangu jikoni. “Umemwambia mtoto baba yake amekufa?”

Hakugeuka. “Ungemwambia nini wewe?”

“Kweli.”

“Kweli ipi? Kwamba alimwangalia, akamwona mzigo, akautua kwangu?” Akaweka sufuria chini kwa nguvu. “Mtoto wa miaka minne akikuuliza saa ya kulala, anakukodolea macho, ndipo uje unifundishe kweli, Dada. Wewe una vitabu. Mimi nilikuwa na taa na mtoto.”

Akaichukua tena ile sufuria, akaisugua ingawa ilikuwa imeshatakata. Nilikuwa nadhani ana hasira tu. Sikujua anaogopa kiasi hiki.

Alhamisi, 3 Aprili
Mvua ilimzuia Shemeji kutoka, tukabaki wawili, yeye dirishani na mimi mezani.

“Hutaki kujua nilikuwa wapi?” akauliza.

“Hapana.”

Akafuta ukungu wa kioo kwa kiganja. Kisha akaliambia dirisha: “Ana macho ya mama yake. Kila akiniangalia nilijiona nimeshtakiwa. Nikasema niende mwezi mmoja. Mwezi ukawa mwaka, na ukishafika mwaka, aibu ya kurudi ni ndefu kuliko safari yenyewe. Jaji akiniuliza nitasema nilikimbia. Sina uongo wa kupanga.”

Nilimwona marehemu dada yangu akicheka siku aliyomleta nyumbani mara ya kwanza, suruali ina matundu ya cheche. Nikasema maktaba inafungwa. Ilikuwa saa tisa. Tunafunga saa kumi na moja.

Jumanne, 8 Aprili
Mikono inaniuma, lakini niandike leo leo, maana kesho nitajipamba.

Saa tano Bwana Gundi alinipigia simu, kitu ambacho hajawahi kukifanya. “Maji!” akapiga kelele, akakata. Nilishuka zile ngazi kumi na nne mbiombio. Mfereji wa nje ulikuwa umefurika, maji yanaingia chini ya mlango wa karakana, meusi, yamefika chini ya magoti. Vitabu vya sakafuni vilishazama. Tulianza kupandisha vya kwenye mabenchi, yeye anabeba mikono miwili, anatukana mfereji, anamtukana aliyeuchimba.

Juzuu ya 16 ilikuwa kwenye benchi fupi. Kitita cha kwanza na cha pili nilivishika vikavu. Cha tatu kilikuwa kimeteleza, kinaelea karibu na ndoo ya gundi, kamba imelegea. Kile chenye 212.

Nilisimama. Naandika kama ilivyokuwa. Bwana Gundi alikuwa amenipa mgongo. Nilianza kuhesabu, sijui nahesabu nini, nikafika saba. Maji yalikuwa yanafanya kazi yao bila kuniomba ruhusa, na hakuna kiumbe ambaye angenilaumu. Nilimwona Chiriku na kipande chake cha mkate. Nikaona ukingo wa ukurasa wa juu unavimba na kujikunja, na mkono wangu ukaenda. Sikuutuma mimi. Nadhani ulitumwa na miaka ishirini na mbili ya kuokota karatasi zilizoanguka.

Mchana kutwa tumekausha kurasa mojamoja kwenye meza za wasomaji, karatasi nyeupe kati ya kila mbili, feni zote zikizunguka. Leo ilikuwa siku ya wasio na mawakili. Niliufunga mlango na kubandika tangazo.

“Huo unaupapasa kama kitoto kichanga,” Bwana Gundi akaniambia nilipofika 213.

“Ni ukurasa kama nyingine.”

“Haya,” akasema. Haikuwa haya ya kukubali.

Ukurasa wa 215 una doa la gundi pembeni. Maneno yote yapo.

Jumatano, 9 Aprili
Nilitoa nakala mbili. Ya kwanza nilimpelekea wakili ofisini kwake. Aliisoma bila kukaa. Viatu vyake vilinyamaza kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

“Nani mwingine ameiona?”

“Mimi na fundi. Fundi hasomi, anagundisha.”

“Haiko mtandaoni.”

“Haiko.”

Akaiweka nakala mezani, akaigeuza, uso chini. “Mama, unajua wakili anatakiwa kuipa mahakama hata uamuzi unaomuumiza mteja wake?”

“Najua. Kitabu chenye kanuni hiyo mimi ndiye niliyekuletea mezani ulipokuwa mwanafunzi.”

“Basi ungeniacha nisijue!” Sauti ikampasuka. “Wewe ni dada wa mteja wangu. Ungeniacha.”

Hakuniambia atafanya nini. Sikuuliza. Niliondoka nikijua nimempa mtu mwingine mzigo wangu, na wangu haujapungua hata kidogo.

Alhamisi, 10 Aprili
Nilimngoja Shemeji mlangoni. Nikampa nakala ya pili.

“Uliuliza kama K alikubali,” nikasema. “Hakukubali.”

Alisoma midomo ikicheza. Alipofika mwisho alikaa kwenye kiti cha karibu, kiti cha wanafunzi, kidogo kwa mwili wake. “Kwa nini unanipa?”

“Uliuliza swali la maktaba. Hili ndilo jibu lake. Lakini isome yote, usisome unapopapenda. Haikupi mtoto. Inasema atazamwe.”

“Mdogo wako atakuchukia.”

“Hilo si la maktaba.”

Kisha nikamwonyesha alama za nukuu. Mwezi mmoja umepita tangu aje kuniuliza anatafutaje.

Ijumaa, 11 Aprili
Nilitaka mdogo wangu asikie kwangu kabla ya kusikia kwa mwingine. Alinisikiliza mpaka mwisho, amesimama mlangoni kwake, hakunikaribisha ndani.

“Kikulacho ki nguoni mwako,” akasema. “Mama alikuwa anatuambia, mimi nikidhani ni maneno ya wazee tu.”

“Mdogo wangu—”

“Umekipata kwenye maji. Umesema mwenyewe. Kilikuwa kwenye maji, na wewe ukakitoa.” Akanitazama kama anayejaribu kukumbuka aliniona wapi. “Ungechelewa tu kidogo, Dada. Sikukuomba uibe. Ungechelewa tu.”

Ndani Chiriku alikuwa anaimba jedwali la kuzidisha kwa mbili. Mlango ukafungwa polepole, ili mtoto asishtuke.

Jumapili, 13 Aprili
Mama hakunipakulia. Nilijipakulia.

Jumanne, 15 Aprili
Kesi za watoto husikilizwa ndani, bila watazamaji. Nilikaa maktaba nikisikiliza paa. Saa nne na nusu karani wa jaji akaja anatweta.

“Mkutubi, Jaji anataka kitabu chenyewe. Juzuu ya 16. Na wewe uje nacho.”

Kitabu gani? Nilikuwa na sanduku la karatasi lenye kurasa zilizovimba kama mkate. Nikalibeba hivyo hivyo. Ukumbini sikutazama kulia wala kushoto, lakini nilijua mdogo wangu yuko kushoto, kwa pumzi yake.

“Mkutubi,” Jaji akasema, “nimeletewa uamuzi huu mara mbili. Mjibu maombi, yaani mama mdogo, kupitia wakili wake, jana asubuhi. Mwombaji mwenyewe leo. Mimi siupati kwenye mfumo. Ni halisi?”

Mara mbili. Nilimtazama wakili. Alikuwa anatazama kalamu yake.

“Ni halisi, Mheshimiwa. Juzuu ilikuwa kwa fundi vitabu vilipopigwa picha.”

“Kwa miaka mitatu?”

“Ndiyo, Mheshimiwa. Kosa ni langu. Kadi niliiandika mimi.”

Akageuza kurasa kwa uangalifu, akafika kwenye doa la gundi, akalisogelea. Mvua ilikuwa kubwa kiasi kwamba alisubiri ipungue ndipo aseme. “Mahakama haitahesabu miaka,” akasema. “Ofisa wa ustawi wa jamii atamtembelea mtoto. Mtoto ataambiwa kwamba baba yake yu hai. Atakutana naye mbele ya ofisa. Tarehe ishirini Mei nitatoa uamuzi.”

Nje, wakili alinipita kwa kasi, kisha akarudi. “Siku tano nilikuwa nayo mezani, imegeuzwa uso chini,” akasema. “Siku tano, Mama.” Akaenda zake, ko, ko, ko. Nilikuwa nimemhukumu kwa jambo ambalo nililifanya mimi mwenyewe kwa siku kumi na sita.

Alhamisi, 24 Aprili
Mdogo wangu hapokei simu. Bwana Gundi ameshona Juzuu ya 16, kabla ya wakati. Sikuamini. Alisema amechoka kuniona nashuka ngazi.

Jumatatu, 28 Aprili
Mvua. Ofisa wa ustawi amekwenda kwao mara ya pili.

Jumanne, 6 Mei
Mdogo wangu alimtuma Mama aniambie nimpeleke mtoto kukutana na baba yake. “Yeye hawezi,” Mama akasema. “Na mimi siwezi. Wewe uliyelikoroga, ulinywe mwenyewe.”

Chumba cha ofisa kina viti vidogo vya rangi. Shemeji alikuwa amevaa shati jipya, mikunjo ya dukani bado inaonekana. Alisimama tulipoingia, akakaa, akasimama tena. Chiriku, ambaye hajawahi kunyamaza dakika mbili, alinyamaza. Alimtazama kuanzia viatu.

“Kumbe hukuanguka kwenye paa,” akasema.

“Hapana.”

“Ulikuwa wapi?”

Ofisa akainua kalamu. Shemeji akachuchumaa, macho yakawa sawa na ya mtoto. “Nilipotea.”

“Mbona hukuuliza njia?”

Aliniangalia mimi, kana kwamba hilo nalo lingekuwemo kwenye kitabu fulani. “Niliona haya,” akasema.

Chiriku akalifikiria. “Mimi nikipotea nauliza,” akasema. “Ukiona haya unachelewa.” Kisha akataka kujua yale makovu ya mkononi ni ya nini, moja moja, na kila moja lilikuwa na hadithi yake, na muda ukaisha wakiwa hawajafika kwenye kiwiko.

Njiani kurudi, karibu na nyumbani, Chiriku akaniuliza: “Mama atalia nikimpenda?”

Nilimshika mkono tukavuka.

Jumanne, 20 Mei
Uamuzi umetoka. Mtoto anabaki kwa mama yake mdogo, ambaye ndiye mama anayemjua. Baba atakuwa naye kila Jumapili, saa nne hadi saa kumi. Baada ya mwaka, mahakama itatazama upya. Jaji ameandika kurasa sita, na kwenye ya tatu ametaja K dhidi ya M. Jioni nimeiingiza kwenye mfumo mimi mwenyewe, na Juzuu ya 16 nzima iko foleni ya kupigwa picha.

Nilimwona Shemeji kwenye ngazi za mahakama, ameshika uamuzi kwa mikono miwili. “Jumapili,” akaniambia. Neno hilo moja tu. Mdogo wangu alitoka kwa mlango mwingine.

Jumapili, 25 Mei
Jua.

Saa nne kasorobo mlango wangu uligongwa. Mdogo wangu, na Chiriku amevaa viatu vya shule vilivyong'arishwa. Wiki sita hajakanyaga kwangu. “Amchukulie hapa,” akasema. “Kwangu sitaki aje.” Shemeji alipofika, yeye alikuwa jikoni, mlango umefungwa. Mtoto akaenda.

Tulibaki wawili. Nilichemsha chai, akainywa. Nilikuwa na maharage ya kuchambua. Akavuta ungo upande wake, tukachambua kilo nzima, kokoto huku, maharage huku. Saa nane akasema maharage yangu ni mabovu. Nikasema ni kweli. Hayo ndiyo mazungumzo yetu.

Saa kumi ikafika. Saa kumi na dakika tano. Akaenda dirishani. Saa kumi na robo akaanza kuvaa viatu.

“Ameondoka naye,” akasema. “Ameondoka naye, na wewe ndiye uliyempa njia.”

“Ngoja.”

“Ningoje nini? Alishawahi kuondoka bila kuaga!”

Moyo wangu mwenyewe ulikuwa umeshatoka nje, unamtafuta barabarani. Saa kumi na dakika ishirini na mbili nilisikia hatua ngazini, nzito, za taratibu. Mdogo wangu akafungua mlango kabla ya kugongwa.

Shemeji alikuwa amembeba Chiriku begani, amelala fofofo, mdomo wazi, kiatu kimoja kimeshikwa mkononi. Shati jipya lilikuwa limelowa jasho.

“Alilala njiani,” akanong'ona. “Sikutaka kumwamsha, nikatembea. Samahani.”

Mdogo wangu akanyoosha mikono. Walimhamisha mtoto kutoka bega hadi bega polepole, vichwa vyao vikikaribiana, kila mmoja akiangalia asiguse mkono wa mwenzake. Chiriku akaguna, akajikunyata shingoni kwa mdogo wangu, akaendelea kulala. Shemeji akakiweka kiatu sakafuni, akakinyoosha kielekee ndani, akageuka kushuka.

Alikuwa ngazi ya tatu mdogo wangu aliposema, bila kumwangalia, kwa sauti ya chini ili mtoto asiamke:

“Jumapili ijayo usichelewe.”